Mashine ya Kuchomelea kwa Umeme wa Nyumbani: Gharama Iko Kwenye Waya

Fedha za mnada wa korosho zikishaingia kupitia vyama vya msingi vya RUNALI, chama kikuu kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndipo watu wa Kilimarondo hukumbuka kazi za chuma zilizolala mwaka mzima. Kuna geti lililong'oka bawaba, madirisha yanayosubiri grili, keria ya pikipiki iliyokatika na fremu ya mashine ya kupulizia salfa iliyopasuka. Kubeba geti hadi Nachingwea mjini na kulirudisha ni nauli juu ya nauli. Kijana mwenye mkono mzuri anapiga hesabu: umeme umeshafika nyumbani, mashine ndogo za kuchomelea zinauzwa kila duka kubwa la vifaa, kwa nini nisinunue moja, niichomeke kwenye soketi ya sebuleni na kuanza kazi?

Inawezekana, ila kwa sharti, na sharti hilo halimo ndani ya boksi la mashine. Limo ukutani, kwenye waya unaotoka kwenye mita hadi kwenye soketi. Kosa ninaloliona kwa wanunuzi wengi ni kulinganisha bei ya mashine na mashine, wakati tofauti kubwa ya gharama na ya usalama iko kwenye njia ya umeme.

Tuanze na mashine zenyewe. Sokoni ziko za aina mbili. Ya kwanza ni transfoma, lile dude zito la koili na chuma ambalo mafundi wengi wa mitaani hulisuka wenyewe. Halina mengi ya kuharibika, linavumilia vumbi, na likiungua fundi analisuka upya. Ya pili ni inveta, kasha jepesi la kubeba begani, lenye vifaa vya kielektroniki ndani na feni nyuma. Inveta za kawaida za kazi ndogo mara nyingi huuzwa kati ya laki mbili na laki nne. Transfoma iliyosukwa kwa shaba safi yaweza kukugharimu sawa na hiyo au zaidi. Ukiletewa ya bei ya chini mno, uliza kama koili ni ya shaba au ya alumini iliyopakwa rangi.

Kwa mtu wa kutumia umeme wa nyumbani, inveta ndiyo chaguo langu, na sababu yake ni ampea. Soketi zetu za pini tatu bapa zimetengenezwa kwa ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni takriban wati 3,000, kisha basi. Ukichomelea kwa rodi ya geji 12, ile ya milimita 2.5, na mashine ukaiweka kwenye ampea 75 upande wa rodi, inveta ya kawaida itavuta ampea 13 au 14 kutoka ukutani. Transfoma kwa kazi hiyohiyo itavuta 16 au 17, na ile iliyosukwa kienyeji bila vipimo yaweza kupita hapo. Ukipanda kwenye rodi ya geji 10, ya milimita 3.2, mashine ukaipeleka ampea 115, inveta inavuta kama 22, na transfoma 25 hadi zaidi ya 30. Kwa hiyo soketi ya kawaida inaishia kwenye geji 12. Geji 10 ina njia yake, tutaifikia.

Hapo wengi huuliza: mbona mita ya LUKU haionyeshi matumizi makubwa hivyo? LUKU inahesabu kazi iliyofanyika, waya unabeba ampea zote zinazopita. Mashine hizi huvuta umeme mwingi kuliko ule unaogeuka kuwa kazi, sehemu yake inakwenda na kurudi bila kuhesabiwa kwenye uniti, lakini inapasha waya moto vilevile. Ndiyo maana mtu anaweza kufurahia uniti zake kuisha polepole huku soketi yake inaiva.

Kabla ya kulipa, geuza mashine utazame kibati cha nyuma. Namba kubwa iliyoandikwa mbele, 200 au 250, ni ya kuvutia macho, na kwenye mashine za bei rahisi mara nyingi haifikiwi. Unachotafuta kwenye kibati ni vitu vitatu. Kuna volti inazokubali, ambazo zinapaswa kuwa karibu na 230. Kuna asilimia iliyo chini ya herufi X, inayosema katika kila dakika 10 mashine inaruhusiwa kuchomelea dakika ngapi, kwa hiyo 30% ni dakika 3 za kazi na 7 za kupoa. Na kuna namba mbili za ampea za kuingia: I1max, kiwango cha juu kabisa, na I1eff, kiwango ambacho waya na plagi vitakihisi ukijumlisha kazi na mapumziko. Mashine yenye I1max ya 30 na X ya 30% ina I1eff ya kama 16. Hiyo si mashine ya soketi ya ampea 13 ukiitumia kwa nguvu yake yote. Kibati kisipokuwa na namba hizi, muuzaji hana cha kukuthibitishia, na mimi ningeiacha dukani.

Sasa twende ukutani. Zima meni swichi, hakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika, kisha fundi afungue soketi moja. Atazame waya. Nyumba iliyofanyiwa wayaringi vizuri huwa na waya wa 2.5 (milimita za mraba) kwenye soketi na waya wa 1.5 kwenye taa. Lakini ziko nyumba nyingi ambazo fundi alibana gharama akapitisha 1.5 kila mahali, na soketi hizo zinafaa kuchaji simu na kuwasha redio tu. Aangalie pia skrubu zinazobana waya. Skrubu iliyolegea huleta ukinzani mdogo sana, tuseme sehemu moja ya kumi ya omu, lakini ampea 20 zikipita hapo unapata wati 40 za joto. Ni kama umeifungia balbu ya zamani ya wati 40 ndani ya kile kisanduku cha plastiki, bila hewa. Plastiki inaanza kugeuka kahawia, kisha inanuka kama samaki aliyeungua, kisha inalika. Ukiona rangi hiyo kwenye soketi au kwenye pini za plagi, kazi imekwisha hadi vibadilishwe.

Ndani ya plagi kuna fyuzi ya ampea 13. Ikikatika mara kwa mara inakuambia kwamba mashine inazidi uwezo wa plagi. Kuna watu huweka msumari, au huzungusha nyuzi za waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, na siku hiyo hiyo kazi inaendelea. Nasema bila kuficha: kufanya hivyo ni kuondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia nyumba isiungue. Vivyo hivyo kwa breka. Waya wa 2.5 unalindwa na breka ya ampea 20. Breka ikidondoka, usibadilishe ukaweka ya 32 ukaacha waya uleule, kwa sababu sasa waya ndio utakaokatika, na utakatika ndani ya dari.

Ekstensheni ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Zile za madukani zenye matundu manne na taa nyekundu mara nyingi zina waya mwembamba wa 0.75 usiotakiwa kubeba zaidi ya ampea 6 hivi. Usiziguse kwa kazi hii. Ukilazimika kutumia ekstensheni, itengenezwe kwa waya laini wa 2.5 wenye ganda la mpira, usizidi mita 20, na ukunjuliwe wote chini. Waya uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake hauna pa kutoa joto. Urefu nao unakula volti: ampea 17 kwenye mita 20 za waya wa 2.5 zinapoteza volti 6 tu, lakini kwenye mita 50 za waya wa 1.5 zinapoteza karibu 25. Ukianza na 230, mashine inapata 205. Ukianza na 200, kama ilivyo kawaida kwa nyumba iliyo mwisho wa laini ya kijiji watu wote wanapowasha jioni, rodi itaganda kwenye chuma na utadhani mashine ni mbovu. Pima volti mchana na pima tena saa moja jioni. Kazi ya kuchomelea ni ya mchana.

Kwa ufupi, soketi iliyopo inatosha kwa mtu mwenye inveta, anayetumia geji 12 na chini yake, mashine haizidi ampea 75 au 80, nyumba ina waya wa 2.5, na anachomelea rodi chache kisha anapumzika. Grili moja, keria, mguu wa kitanda. Baada ya rodi tatu nne ashike plagi kwa mkono: ikiwa vuguvugu ni sawa, ikiwa moto kiasi cha kutaka kuuondoa mkono, asimame.

Anayetaka kufanya kazi hiyo kwa wateja hana budi kuweka laini yake peke yake, na hapa ndipo ningemshauri aelekeze fedha. Laini hiyo inatoka moja kwa moja kwenye kisanduku cha breka, ina breka yake, na inaishia barazani au kwenye kibanda kwa soketi ya bluu ya viwandani yenye pini za duara, ya ampea 32, na plagi yake. Kwa inveta na umbali usiozidi mita 20, waya wa 4 na breka ya 25 vinafaa. Kwa transfoma, au umbali wa mita 30, weka waya wa 6 na breka ya 32. Breka iwe ya herufi C, kwa sababu transfoma inapowashwa huvuta umeme mwingi kwa nukta moja, na breka ya herufi B itadondoka kila mara bila kosa lolote. Bei ya waya hupanda na kushuka na bei ya shaba, hivyo omba makadirio kwa mita, siyo kwa jumla. Kibanda kikiwa mita 8 kutoka kwenye mita badala ya 25, umeokoa theluthi mbili ya waya. Mahali pa kibanda ni uamuzi wa kifedha.

Kuna jambo moja kwenye laini hii ambalo mafundi wetu hulipuuza, nalo ni ethi. Nyumba nyingi zina nondo moja iliyopigwa ardhini, mara nyingi fupi, kwenye udongo wa kichanga ambao kuanzia Juni hadi Novemba unakauka kabisa. Tuseme nondo hiyo katika kiangazi ina ukinzani wa omu 50. Bodi ya mashine ikipata umeme kwa hitilafu, utakaopita kwenda ardhini ni ampea 4.6 tu. Breka ya 20 haitaona chochote. Mashine itasimama pale na umeme kwenye bodi yake, ikisubiri mtu aiguse kwa mkono wenye jasho. Kwa hiyo laini ya kuchomelea iwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, kile cha miliampea 30 chenye kitufe cha kujaribia. Kinakata kwa uvujaji mdogo sana, hata ethi ikiwa dhaifu. Kibonyeze kitufe kila mwezi. Na fundi apime ethi kwa kipimo chake, akiona haifai aongeze nondo ya pili na kuziunganisha. Katika matumizi yote ya kazi hii, fedha ya kifaa hiki ndiyo nisingekubali ipunguzwe.

Klempu nayo ibanwe kwenye chuma unachochomelea, karibu na pale unapochomelea, kwenye sehemu iliyokwanguliwa kutu. Ukiibana mbali, au kwenye bomba, au kwenye nguzo ya baraza, umeme wa kuchomelea utatafuta njia yake mwenyewe ya kurudi, na njia hiyo yaweza kuwa ule waya mwembamba wa ethi wa nyumba yako.

Fundi wa kuweka laini awe na leseni ya EWURA, kwani wao ndio wanaotoa leseni za kazi za umeme nchini. Na TANESCO wajulishwe kwamba unaongeza mzigo, hasa ukifikiria transfoma kubwa. Transfoma ya kijiji inahudumia kaya nyingi, na taa za jirani zikipepesa kila unapogusa rodi, malalamiko yatakufikia kabla ya mteja wa kwanza.

Gharama ya umeme wenyewe, nafurahi kusema, ni ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Kwa viwango vilivyopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT 18% na tozo za REA 3% na EWURA 1% inakuwa kama 356. Mteja mdogo wa nyumbani wa D1 analipa 100 kwa uniti 75 za mwanzo wa mwezi, yaani 122 pamoja na makato, lakini kila uniti inayozidi hapo ni 350, yaani 427. Kilo moja ya rodi za geji 12 ina takriban rodi 50, na kila moja inawaka kama dakika moja. Inveta itakula karibu uniti 2 kwa kilo hiyo. Kwa T1 ni shilingi 700 na kidogo. Transfoma itakula kama uniti 3, kwa sababu inapoteza joto zaidi na inaendelea kula hata ikiwa imewashwa bila kazi. Hata ukimaliza kilo 5 kwa mwezi, tofauti ya mashine hizi mbili kwenye LUKU ni karibu shilingi 2,000. Usinunue inveta kwa kuokoa uniti. Inunue kwa sababu inauonea huruma waya.

Anayelipa D1 atazame uniti zake. Kama nyumba inatumia 40 kwa mwezi, kilo 5 za rodi zitakupeleka 50, bado uko salama. Kama inatumia 70, karibu nusu ya rodi hizo zinalipiwa kwa kiwango cha juu. Na karakana ya biashara mahali pake ni T1 tangu mwanzo. Njia rahisi ya kujua ukweli wako ni kuandika uniti zilizobaki kwenye LUKU kabla ya kufungua pakiti ya rodi na baada ya kuimaliza, friji na pasi vikiwa vimezimwa. Ukishajua pakiti moja inakula uniti ngapi, utajua pia kumtoza mteja.

Jenereta? Vile vidogo vya kuwashia taa haviwezi kabisa. Unahitaji ya kVA 5 au 6, nayo kwa mzigo wa nusu hunywa kama lita 2 kwa saa. Kilo ya rodi kwa kasi ya kawaida ya kukata, kupima na kuchomelea ni kazi ya saa tatu. Petroli ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, umechoma 15,000 hadi 18,000 mahali ambapo LUKU ingekula 700. Jenereta ibaki kwa kazi za shambani, kwenye trela lililovunjika mbali na nguzo.

Neno moja kuhusu mahali pa kazi, kwa kuwa hapa kwetu lina uzito wake. Stoo nyingi Kilimarondo zina mifuko ya salfa ya mikorosho na magunia ya ufuta. Unga wa salfa unashika moto kwa cheche, na moshi wake unakaba pumzi. Cheche za kuchomelea huruka mita kadhaa na hujificha kwenye nyufa. Usichomelee stooni wala kwenye ukuta wa stoo, wala chini ya paa la nyasi, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Ukiwa na fedha ya kununua inveta kubwa, nunua ndogo, na inayobaki iende kwenye laini, breka na kile kifaa cha kukata umeme unaovuja. Mashine ya ampea 140 ya kweli kwenye waya wa 4 itakufanyia kazi nzuri kuliko ya 250 ya karatasi kwenye soketi ya sebuleni. Na ndugu yangu uliyeunganishiwa umeme kwa UMETA, kile kifaa cha Umeme Tayari kwa nyumba zisizo na wayaringi, tafadhali usichomeke mashine ya kuchomelea pale. Kimewekwa kwa taa na vifaa vidogo. Kwa sasa peleka geti lako kwa fundi Nachingwea au Ruangwa, ulipe nauli, na fedha uliyotenga kwa mashine ianzie kwenye wayaringi ya nyumba yako.